Mpira wa Angani Haupokelewi

Swali: Naishi Ohio na huwa nawaandikia wenzangu habari za futiboli ya Marekani. Yule kijana wa chuo anayekimbia pembeni na kushika mipira anayorushiwa, ambaye klabu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, zinampima kabla ya kumchukua, nimwite "mpokeaji"? Na huko kuchukuliwa kwenyewe ni "drafti"?

Jibu: Usimwite mpokeaji. Neno hilo nimelisoma mara nyingi mno na kila mara linanikera. Kupokea ni Kibantu cha tangu na tangu, na ndani yake yumo mtu anayekupa. Mama akirudi sokoni na kikapu kichwani, mtoto anaambiwa, "Mpokee mama mzigo!" Mtoto anasogea, mama anainama, kikapu kinahamia mikononi mwake. Mama hakivurumishi. Mtoto haruki. Hakuna adui katikati anayenyoosha mkono akipangue.

Sasa mtazame kijana wa pembeni. Mpira umetoka mbali, yuko mbioni, mlinzi amemganda mgongoni. Huyo anadaka. Ndiyo maana anayekukatiza unapozungumza tunasema amedakia maneno: ameyanyaka kabla hayajatua.

Na hilo ndilo wapimaji wanalolitafuta. Kila mwaka katika mji wa Indianapolis vijana wanakimbizwa yadi 40, kama mita 37, hata viganja vyao vinapimwa. Mwaka 2017 John Ross alizimaliza kwa sekunde 4.22, Cincinnati Bengals wakamchukua akiwa wa 9, hakutamba. Puka Nacua alisubiri hadi nafasi ya 177 mwaka 2023, kisha katika msimu wake wa kwanza na Los Angeles Rams akadaka mipira 105, rekodi ya mchezaji mpya kwa wakati ule. Ukiandika "alipokea mipira 105" umemnyang'anya jasho lake lote.

"Kupokea pasi" katika soka nimechoka kupigana nako. Pale angalau mwenzako anakuletea mpira mguuni.

Drafti kwetu ni mchezo wa kete, wazee wanaucheza kibarazani. Andika "uteuzi wa wachezaji wapya", kwa kuwa klabu zinateua kwa zamu. Na kijana wako ni mdakaji wa pembeni. Wakikubishia kwamba anayedaka ni golikipa, waambie golikipa naye anadaka kwa sababu hiyohiyo: hakuna anayempa mpira.