Maswali ya walimu: makundi kwenye somo la uraia

Nimepanga madawati watoto watazamane, mbona hawashirikiani?
Umehamisha madawati, kazi umeiacha vilevile. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara nauliza: ulichowapa mtoto mmoja angeweza kukimaliza peke yake? Kama ndiyo, wenzake wamekaa pale kumtazama.

Wawili wanafanya, wengine wanategea. Niwaadhibu?
Usiadhibu, gawa maarifa. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, darasani kulikuwa na uhasama mtupu. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake wakaikata mada vipande, kila mtoto akapewa kimoja tu. Ukimdharau mwenzio leo, kipande chake utakihitaji kwenye jaribio.

Chukua mada ya kutunga sheria. Mmoja apate muswada unavyoanza, wa pili mjadala bungeni, wa tatu nani anatia saini, wa nne kazi ya mahakama. Wenye kipande kilekile kutoka makundi yote wakutane kwanza, wakielewe, kisha kila mmoja arudi kundi lake akafundishe. Ukigawa ukurasa mzima "ili wasipitwe", umeua zoezi. Mwishoni jaribio ni la kila mtu peke yake. Muulize yule mkimya kuhusu kipande cha jirani yake, hapo utajua kama walifundishana.

Nitoe alama moja kwa kundi zima?
Hapana! Mwenye bidii ataonewa na mtegaji atabebwa. Mtafiti wa elimu Robert Slavin alipendekeza kundi lipate pointi kwa namna kila mmoja alivyojipita mwenyewe. Aliyetoka 30 hadi 60 analiletea kundi pointi nyingi kuliko aliyebaki na 80 yake.

Watoto wangapi kwa kundi?
Wanne. Wanane ni mkutano wa hadhara.

Kiongozi nimteue mimi?
Zungusha: mwenyekiti, katibu, mtunza muda, msemaji, na wiki ijayo wabadilishane. Ajabu ni kwamba tunafundisha demokrasia huku katibu ni yuleyule mwenye mwandiko mzuri tangu muhula uanze. Mkiamua kupiga kura, heshimu matokeo hata akishinda mtundu. Ukiyatengua, watoto watakuwa wamejifunza uchaguzi kwa vitendo, na si ule ulioandika kwenye andalio lako.

Kipindi hakitoshi.
Tumia viwili, na upunguze kunukuu ubaoni. Dakika tano za mwisho waachie kundi wajadili nani alisaidia na nani alikatizwa akiongea.