Birika, ekstensheni na grainda za kazini: kagua kwa macho, ndipo upime

Vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa kila siku huchakaa mapema kuliko nyaya zilizofukiwa ukutani, na ndivyo vinavyoshikwa mkononi: birika la ofisini, pasi ya fundi cherehani, grainda ya karakana, ekstensheni iliyojificha chini ya meza ya mhasibu. Ubovu mwingi huonekana kwa macho kabla hata mita haijatolewa kwenye begi.

Chomoa kifaa kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. Pitisha kebo mkononi taratibu kuanzia kwenye plagi hadi inapoingia kwenye kifaa. Kazia sentimita chache za ncha zote mbili, maana hapo ndipo inapokunjwa kila siku. Kebo iliyofungwa seloteipu haipiti, hata kama kifaa kinafanya kazi vizuri. Pini zilizogeuka rangi au harufu ya plastiki iliyoungua ni dalili ya joto: ama skrubu ya ndani ya plagi imelegea, ama soketi imechoka. Ukibadilisha plagi ukaiacha soketi iliyochoka, na hiyo mpya itaungua.

Kisha fungua plagi. Kwenye plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda, waya wa kahawia (mwekundu kwenye kebo za zamani), yaani laivu inayoleta umeme, huenda upande wa fyuzi, wa bluu (zamani mweusi) kwenye nyutro, njia ya umeme kurudi, na wa kijani na manjano kwenye pini ndefu ya ethi, njia ya usalama inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Uache waya wa ethi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Kibano kishike ganda la nje la kebo, si nyaya za ndani.

Fyuzi ina hesabu yake: gawanya wati kwa volti 230. Taa ya mezani ya wati 60 inakula ampia 0.26, kwa hiyo fyuzi ya ampia 3 inaitosha kabisa. Birika la wati 2,200 linakula karibu 9.6, hilo ndilo la fyuzi ya 13. Ukiweka 13 kwenye taa yenye kebo nyembamba, siku ya hitilafu kebo inaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Ukikuta kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, kiondoe kifaa kazini saa hiyo hiyo.

Jihadhari pia na plagi nene ya duara ya Ulaya, ile inayolazimishwa kwenye soketi yetu kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu. Mguso wake wa ethi uko pembeni, hivyo kifaa kinawaka bila ethi. Kwa mashine yenye bodi ya chuma, hiyo ni hatari ya kifo.

Sasa mita. Pima ethi kwanza: kutoka pini ndefu hadi kwenye chuma cha kifaa kisicho na rangi. Namba isizidi omu 0.1 juu ya ukinzani wa kebo yenyewe. Pindapinda kebo huku ukitazama. Namba ikirukaruka, nyuzi za ndani zinakatika. Ndipo upime uhami, yaani uwezo wa kuzuia umeme usivuje nje ya nyaya, kwa volti 500 za DC, laivu na nyutro zikiwa zimeunganishwa, dhidi ya ethi. Kifaa chenye ethi kisipungue megaomu 1. Chenye alama ya miraba miwili (mmoja ndani ya mwingine), kisicho na ethi, hupimwa dhidi ya bodi yake na kisipungue megaomu 2.

Mpangilio huo usiugeuze. Ethi ikiwa imekatika, kipimo cha uhami kitatoa namba nzuri ya uongo, kwa sababu mita haifiki kwenye bodi. Vivyo hivyo swichi ya kifaa ikiachwa imezimwa: umepima kebo tu. Birika au pasi iliyokaa stoo muda mrefu inaweza kusoma chini kwa unyevu ulioingia kwenye elementi. Kama ethi ni nzima na namba imepungua kidogo tu, ipashe moto kwa dakika kama 20, kisha pima tena. Ekstensheni yenye kinga ya umeme mkubwa nayo husoma chini kwa volti 500 ilhali ni nzima, kwa hiyo ipime kwa 250.

Andika namba zenyewe kwenye rejista, si “imepita” tu. Grainda iliyoshuka kutoka megaomu 50 hadi 3 bado imepita, lakini ikaguliwe tena mapema, isisubiri zamu yake. Grainda na drili za karakana zije mara nyingi kuliko kompyuta isiyosogezwa mezani.

Kifaa kilichoshindwa kisirudi stoo na plagi yake, maana kuna mtu atakichomeka. Kata kebo, kisha upinde pini za plagi uliyoikata: ikichomekwa vile ilivyo, ncha zake za shaba zitakuwa na volti 230.