Mfumuko wa bei umeshuka, mbona unga haushuki?

SWALI: Redio ilitangaza kuwa mfumko wa bei umeshuka, lakini dukani kwetu hakuna kilichoshuka. Je, ni lugha iliyokosewa au tunadanganywa? Na tuandike mfumko au mfumuko? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hudanganywi, na sentensi ni sahihi. Kilichoshuka ni kasi ya bei kupanda, si bei zenyewe. Mfumuko wa bei huonyesha bei za bidhaa na huduma kwa jumla zimeongezeka kwa asilimia ngapi tangu mwezi kama huo mwaka uliopita. Maadamu asilimia hiyo haijafika sifuri, bei bado zinapanda.

Tazama takwimu za Kenya. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023 ukawa 6.9, Oktoba 2024 ukafika 2.7. Hapo redio ina haki ya kusema umeshuka, tena sana. Sasa chukua kapu la vitu lililouzwa shilingi 1,000 Oktoba 2021. Kwa viwango hivyo, mwaka uliofuata lingekuwa 1,096, kisha kama 1,172, kisha kama 1,203. Anayetoa hela mfukoni ameona kupanda tu, mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana nawasihi watangazaji waseme "kasi ya kupanda kwa bei imepungua". Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania hulitumia neno hilo kasi katika taarifa zake za kila mwezi, na linamwondolea msikilizaji utata wote.

Nasikia pia "mfumuko wa bei ya sukari". Hilo silikubali. Sukari ikiadimika ikapanda peke yake, sukari imepanda bei, basi. Mfumuko ni wa bei kwa ujumla. Na mtu akilalamika kwamba mshahara haufiki tarehe 20, neno lake ni ughali wa maisha, ambao waweza kuendelea kuuma hata mfumuko ukiwa mdogo, kwa sababu bei zilikwishapanda na mshahara haukuzifuata. Waingereza nao huchanganya hivyo hivyo: kitu chochote kikiwa ghali, mtaani husema ni inflation.

Kuhusu tahajia, Kenya wengi huandika mfumko, Tanzania mfumuko. Zote zinaeleweka. Mimi nashika mfumuko kwa kuwa kitenzi ni fumuka, kama mshono unavyofumuka. Ukichagua moja, usiichanganye na nyingine katika habari moja.