Usinunue hiyo alternata kabla hujapima ethi

Mkuu, rudisha pesa mfukoni kwanza, upime ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri.

Umeandika taa za mbele zinacheza ukiwasha waipa, vioo vinapanda kwa kujikokota, redio inajizima na kujiwasha, na stata asubuhi inazunguka kivivu. Ukauliza kama ufunge balbu za LED kupunguza mzigo, na kama betri kubwa itasaidia. Hayo nilikuwa nasoma kwa utulivu kabisa. Halafu nikafika pale unaposema fundi ameshahukumu alternata (ile inayozalisha umeme na kuchaji betri injini ikiwaka), na kesho atachomoa teminali ya betri gari likiwa linawaka "ili uone mwenyewe".

USIMRUHUSU. Sisemi umfukuze, sema tu umepata dharura.

Mimi nilimruhusu wangu. Gari lilikuwa na miaka 19, dalili ni hizo hizo zako kama umenakili kwangu. Nilianza na betri, kwa sababu kila wiki ilikuwa inalala. Mpya ikakaa vizuri siku nne, ikalala na yenyewe. Basi nikaambiwa ni alternata. Nikanunua, ikafungwa, usiku huo huo taa zikacheza kama kawaida. Nikaambiwa niliyouziwa ni mbovu, nitafute nyingine. Nikanunua ya pili. (Ndiyo, ya pili. Ile ya kwanza ipo nyumbani, nzima kabisa, inazuia mlango wa stoo usifunguke kwa upepo. Kazi hiyo inaifanya vizuri mno.)

Ya pili nayo ikagoma kuleta mabadiliko, ndipo fundi akaja na ujanja wake. Akalegeza nati kwa spana namba 10, akaniambia nikanyage resi kidogo, akang'oa teminali ya hasi. Injini ikaendelea kunguruma. Akanikonyeza: "Unaona? Alternata hii inachaji." Hajamaliza sentensi, taa za dashibodi zikawaka kwa ukali ambao sijawahi kuuona tangu ninunue lile gari, balbu ya mbele kushoto ikakatika, harufu ya plastiki ikaja kutoka chini ya usukani, kisha kimya. Tangu hapo stata inazunguka, injini haishiki. Kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa.

Unajua alichosema? "Boksi za magari ya zamani ndivyo zilivyo, zilikuwa zinakaribia." Zilikuwa zinakaribia! Kama mtu aliyesukumwa ngazini ukasema miguu yake ilikuwa inakaribia kuvunjika.

Ujanja ule ni wa enzi za dainamo, kabla alternata hazijaenea miaka ya 1960, gari zima halina hata kipande kimoja cha kompyuta. Kwenye gari lenye kontroli boksi ni kucheza kamari kwa pesa ya mwenzio. Betri kazi yake si kuwasha gari tu. Injini ikishawaka, betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme wa alternata na kuutuliza. Ukiing'oa ghafla, umeme uliokuwa unaingia kwenye betri unakosa pa kwenda, regyuleta inayodhibiti volti za alternata haiwahi kuupunguza, na volti zinaruka kutoka 14 hadi makumi kadhaa. Zinaweza hata kupita 100 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hiyo sehemu ndogo ya sekunde mimi niliilipia kwa mishahara miwili.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa palepale. Nilitafuta boksi iliyotumika ya gari kama langu, nikafunga, gari likawaka, nikawasha taa: zinacheza.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja ambaye hata kifaa hakushika. Aliniuliza tu: "Ukipiga stata kwa muda mrefu, waya wa resi unapata moto?" Nilinyamaza. Wiki kadhaa nyuma nilikuwa nimeuegemea mkono baada ya kuhangaika kuliwasha gari, ukaniunguza, nikajiambia ni joto la injini. Injini ambayo ilikuwa haijawaka. Akili zangu hizo.

Mzee akaingiza mkono nyuma ya injini, akaushika ule waya bapa wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na bodi. Kwa nje unaonekana mzima, boliti zote mbili zimekaza. Akaukunja kidogo karibu na boliti, ukavunjika kama jani kavu, unga wa kijani ukamwagika. Zilikuwa zimebaki nyuzi tatu au nne hivi. Akachukua waya wa kubustia, upande mmoja kwenye teminali ya hasi, mwingine kwenye chuma cha injini. Taa zikatulia tuli. Waipa, feni, indiketa, washa vyote. Tuli.

Ndiyo ethi yenyewe hiyo. Umeme hauendi tu, lazima urudi. Kwenye gari langu hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo kila kinachopita kati ya betri na injini kinavuka kwenye ule waya mmoja. Ukioza, umeme wa stata unatafuta njia nyingine na kupita kwenye waya wa resi, ambao nao ni chuma toka pedali hadi injini, ndiyo maana uliniunguza. Na alternata inatengeneza umeme wake vizuri kabisa, ila hauifikii betri wote. Injini ikitikisika, zile nyuzi zinagusana na kuachana, taa zinacheza. Betri haijai, inalala, unanunua nyingine. Kila kifaa kinaonekana kibovu isipokuwa kile kibovu.

Sasa kanuni yangu, na nitairudia hadi unichoke: HUNUNUI KITU KABLA HUJAPIMA VOLTI ZINAZOPOTEA NJIANI, MZIGO UKIWA UMEWASHWA.

Chukua maltimita yoyote, weka kwenye volti za DC, 20. Washa injini, taa za mbele, waipa, feni ya ndani. (Mikono ya shati ikunje, feni ya injini na mkanda havina urafiki.) Pima kwanza kwenye betri yenyewe, chanya na hasi. Kisha nenda kwenye alternata: ncha nyekundu kwenye boliti lake kubwa la kutolea umeme, nyeusi kwenye mwili wake wa chuma. Angalia nyekundu isiguse boliti na mwili kwa pamoja. Gari zima la kawaida linakupa kati ya 13.8 na 14.5 sehemu zote mbili, tofauti ni ndogo sana. Mimi siku ile ningepima, ningeona 14.3 kwenye alternata na 12.7 kwenye betri. Najua kwa sababu mzee alinilazimisha nipime baadaye kwa waya ule ule mbovu, nione kwa macho yangu. Volti 1.6 zimepotea njiani. Unaweza kusema ni kidogo, ila balbu ya halojeni haipungui kwa uwiano huo: volti zikishuka asilimia 11 hivi, mwanga unashuka karibu theluthi.

Ukiona pengo, mtafute mwizi. Nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe, si kibanio, maana kutu hupenda kujificha kati ya hivyo viwili. Nyekundu kwenye chuma safi cha injini. Ikizidi 0.2, umemkamata. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba usihangaike, ni mwelekeo tu wa umeme. Mtu apige stata huku unaangalia: ikizidi nusu volti, usiendelee kutafuta. Halafu rudia kwa bodi badala ya injini, na upande wa chanya, boliti la alternata hadi nguzo ya chanya.

Na usikubali mtu akupimie ethi kwa kile kimlio cha mita, gari likiwa limezimwa. Nilipimiwa hivyo, ikalia "piii", nikaambiwa ethi safi, kanunue alternata. Mita inapitisha umeme kiduchu, hata uzi mmoja unatosha kuuvusha. Taa mbili za wati 55 zinataka ampea 9 hivi. Stata inataka zaidi ya 100. Kamba inayobeba kikapu siyo lazima ibebe ng'ombe, na fundi mwenye miaka yote ile kazini anajua hilo, au alipaswa kujua. Bado nina hasira, samahani.

Kama ni taa moja tu inayocheza, yote haya achana nayo, angalia soketi na ethi ya taa hiyo. Zako zinacheza zote kwa pamoja, na stata ni nzito. Naweza kukosea, lakini sidhani.

Waya ukipatikana, pale unapokaa kwenye bodi kwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Siyo grisi kwanza.

Niletee namba mbili: ya kwenye betri na ya kwenye alternata, mzigo umewashwa. Na fundi akishika spana namba 10 injini ikiwa inanguruma, zima gari na ufunguo uweke mfukoni.