Estrojeni, panya wa maabara na kolesteroli yangu

SWALI: Daktari, nakusalimu. Nina umri wa miaka 53 na hedhi imekoma. Kipimo cha karibuni kimeonyesha kwamba kolesteroli yangu imepanda. Binti yangu aliye chuoni ameniambia kuwa panya wa maabara waliopewa homoni ya estrojeni walipungua mafuta katika damu na seli zao zikawa na kinga zaidi. Je, nami niitafute homoni hiyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Alichokueleza binti yako ni kweli, lakini ni kweli ya panya, na inafaa kujua kwanza jinsi ilivyopatikana.

Katika majaribio ya aina hii, panya jike hupigwa nusukaputi, akatolewa ovari zote mbili, ambazo ndizo hutengeneza estrojeni, kisha akashonwa. Kundi jingine hupasuliwa na kushonwa vivyo hivyo bila kutolewa chochote, ili madhara ya kisu yasije yakahesabiwa kuwa ni ya kukosa homoni. Baada ya wiki kadhaa, ini husagwa, likachanganywa na asidi ya thiobabituriki na kuchemshwa. Hapo hutokea rangi ya waridi, ambayo kadiri inavyokolea ndivyo mafuta ya seli yalivyoharibiwa zaidi na oksijeni kali. Kwa kawaida waliotolewa ovari huwa na kolesteroli nyingi na waridi iliyokolea, na waliorudishiwa estrojeni hukaribia hali ya wenzao wazima.

Sababu zinajulikana. Kwenye ini, estrojeni huongeza vipokezi vinavyonasa chembe za LDL (zinazobeba kolesteroli iitwayo "mbaya") na kuziondoa katika damu. Ndani ya seli huamsha jeni za vimeng'enya vya ulinzi, kama vile glutathioni peroksidasi, ambacho hugeuza peroksidi ya hidrojeni, mojawapo ya aina hizo za oksijeni kali, kuwa maji. Mwaka 2003 watafiti wa Valencia, Uhispania, walionyesha kwamba mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati) za panya jike huzalisha peroksidi kidogo kuliko za dume, na kwamba tofauti hiyo hutoweka jike akitolewa ovari. (Wapo wanaodai kwamba estrojeni yenyewe ni antioksidanti, yaani kizimaji cha oksijeni kali, kama vitamini E, ndani ya chupa ya maabara ni sawa, ila kwa kiwango ambacho damu ya mwanamke haikikaribii.)

Tatizo ni kwamba panya aliyetolewa ovari hula zaidi na kunenepa, kwa hiyo jaribio lisilodhibiti chakula haliwezi kutenganisha upungufu wa homoni na unene. Tena panya hana protini ya CETP, ambayo kwa binadamu huhamisha kolesteroli kutoka HDL (chembe za kolesteroli iitwayo "nzuri") kwenda chembe nyingine. Ndiyo maana kolesteroli yake nyingi hubebwa na HDL, ilhali yetu nyingi hubebwa na LDL.

Wala jambo hili halikuachiwa panya peke yao. Nchini Marekani, wanawake 16,608 waliokoma hedhi waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni, homoni nyingine ya kike), wengine vidonge visivyo na dawa. LDL ilishuka kwa waliopewa homoni, kama ilivyotarajiwa, lakini mwaka 2002 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi, kuganda kwa damu na mshtuko wa moyo vilikuwa vimezidi kwao. Homoni hizo bado hutolewa kwa wanaosumbuliwa mno na joto la ghafla na jasho la usiku, kwa uamuzi wa daktari, lakini si kwa ajili ya kukinga moyo.

Ningependa uiangalie zaidi homoni nyingine, ile ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa kuwa hapo panya na binadamu wanakaribiana zaidi. Panya anayenyweshwa propilthiourasili, dawa inayoizuia tezi hiyo kutengeneza homoni, hupanda kolesteroli kwa sababu vipokezi vya LDL katika ini lake hupungua. Akizidishiwa homoni, kolesteroli hushuka, lakini mitokondria zake huchoma oksijeni kwa kasi na uharibifu wa mafuta ya seli huongezeka. Mafuta ya damu kushuka, basi, si lazima kuwe na maana kwamba seli ziko salama.

Kwa wanawake wa umri wako, kulegea kwa tezi hii, yaani kutengeneza homoni kidogo mno, si jambo la nadra, na hupandisha kolesteroli vilevile. Mwombe daktari wako akupime TSH (kipimo cha damu kinachoonyesha kama tezi inafanya kazi vizuri) kabla hujaanzishiwa dawa ya kushusha kolesteroli, maana tatizo likiwa ni tezi, mara nyingi kolesteroli hushuka tezi inapotibiwa.