Haidrenjia iliyobabuliwa na sakitu

SWALI: Nina mashina manne ya maua ya haidrenjia mbele ya nyumba yangu hapa Njombe. Julai ya mwaka juzi sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, iliyababua, nikayakata yote hadi karibu na ardhi. Yalichipua vizuri, na tangu hapo nayapogoa kila Agosti na kuyawekea mbolea ya urea, lakini sijaona ua hata moja. Je, niyang'oe?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiyang'oe. Mmea unaotoa majani mengi kiasi hicho una mizizi mizima. Unachokosa ni matumba, nayo umekuwa ukiyaondoa kwa mkasi bila kujua. Haidrenjia ya majani mapana, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika bustani za nyanda za juu, huchanua kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Mvua zikiisha na baridi ikaanza, ncha za matawi hayo huanza kuumba ndani yake maua ya msimu ujao, hivyo anayepogoa Agosti hukata maua yaliyokwisha kuumbwa, na machipukizi yanayotoka chini baadaye huwa ya majani matupu.

Mwaka huu, basi, weka mkasi kando. Sakitu ikipiga tena, ncha zitakuwa nyeusi na utatamani kuzikata siku hiyo hiyo, lakini vumilia hadi macho, yaani vichipukizi vidogo vilivyofumba kwenye matawi, yatakapoanza kufunguka, Septemba au Oktoba. Hapo kwangua gome kidogo kwa ukucha: ukiona ubichi wa kijani, tawi lingali hai; ukiona kahawia iliyokauka, shuka kidogo ukwangue tena mpaka uufikie ubichi, kisha kata juu kidogo ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonona. Nasema jozi kwa kuwa macho ya haidrenjia hukaa mawili mawili yakitazamana, na yale yenye maua kwa kawaida huwa manene kuliko ya majani. Mashada makavu ya zamani nayo yaache mpaka baridi ipite, maana huyakinga macho yaliyo chini yake. Usiku usio na mawingu wala upepo, funika kila shina kwa shuka kuukuu lililotandazwa juu ya vijiti ili lisigusane na ncha, na ulifunue asubuhi.

Urea iache kabisa, kwani naitrojeni nyingi iliyomo huchochea majani na kuchelewesha maua. Mvua zinapoanza, weka samadi iliyooza vizuri, kisha matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yasiyogusa shina. Majani yakinywea mchana na kuinuka jioni, hakuna shida. Yakiamka yamelegea, mwagilia maji mengi siku hiyo hiyo.

Kupogoa kwenyewe kufanyike mara maua yanaponyauka, kabla ya Aprili, na hata hapo ondoa matawi makongwe machache tu. Matawi uliyo nayo sasa, yakiachwa yapite baridi salama, yanaweza kukupa maua mvua zijazo.