Kitasa cha gari kikikwama, weka oili mbali

Kwa miaka nilifungua gari langu kwa rimoti tu. Siku betri ya gari ilipoisha nguvu ndipo nikajua kuwa ufunguo hauzunguki mlangoni. Nikaulazimisha, nikahisi unaanza kujipinda mkononi. Niliacha palepale, na wewe uache hapo. Ufunguo ukikatikia ndani, itabidi fundi afungue mlango na kutoa silinda nzima, yaani ile sehemu ya kitasa inayozunguka na ufunguo.

Kosa nililofanya ni kudondoshea oili ya injini tunduni. Kitasa kikalainika wiki chache, kisha kikawa kigumu kuliko mwanzo. Ndani ya silinda mna vipande vyembamba vya chuma vinavyosukumwa na springi ndogo sana, na kila kimoja lazima kifike usawa wake ndipo silinda izunguke. Oili hunasa vumbi, vumbi likawa tope, na kipande kimoja tu kikinata, ufunguo hauendi.

Wengi hukimbilia WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kopo. Ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na herufi zake mbili za mwanzo zinasimamia kazi hiyo. Kwa kulegeza uchafu na unyevu inasaidia sana, ila ulainishaji wake haudumu. Mimi huitumia kuoshea: napuliza kwa ule mrija mwembamba, naingiza ufunguo na kuutoa, naupangusa kwa kitambaa, narudia mpaka utoke bila weusi. Halafu naacha kitasa kikauke kabisa. Hapo tu ndipo naweka kilainishi kikavu, yaani unga wa grafaiti (ile nyeusi ya ndani ya penseli) au dawa ya kupuliza yenye PTFE (plastiki telezi kama ya sufuria zisizonata). Chagua kimoja. Grafaiti ikikutana na mafuta yaliyobaki inakuwa uji mzito, na utarudi ulikoanzia.

Lakini kabla ya yote hayo, hakikisha tatizo liko kwenye tundu la ufunguo. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kitasa (kile chuma cha ukingoni mwa mlango kinachokamata fremu) kwa bisibisi mpaka ujifunge, kisha vuta mkono wa mlango. Ulimi ukisita kuachia, pa kushughulikia ni pale kwenye ulimi, na hapo grisi nyeupe ya lithiamu ndiyo inayofaa, baada ya kusafisha ile ya zamani. Tafadhali usibamize mlango kabla ulimi haujafunguka tena. Utagonga chuma kwa chuma.

Jaribu pia ufunguo wa akiba. Meno ya ufunguo wa kila siku hulika polepole, na hakuna kilainishi kitakachoyarudisha. Wa akiba ukizunguka vizuri, chonga mwingine kwa kunakili huo, usinakili ule uliolika, maana fundi atachonga na ulikaji wake.